Mahakama ya Ndizi

Jijini Dar es Salaam, upande wa Mabibo, lipo soko ambalo watu wamelipa jina la Mahakama ya Ndizi. Jina hilo lina ucheshi wake, lakini ndani yake mna hoja: kwamba ndizi ni kitu cha kuhukumiwa, na hukumu yataka hakimu aijuaye sheria. Ndivyo lilivyo shairi. Sivyo ilivyo, mara nyingi, katika mikahawa ya jiji hilohilo, ambako sahani hupewa jina la ndizi za Bukoba na asitokee mlaji wa kudai ushahidi.

Ushahidi uko mbali, Maruku, kusini ya mji wa Bukoba. Huko mgomba hauko shambani mbali na watu, umeizunguka nyumba. Kibanja cha Mhaya ni migomba, na chini yake mibuni, na chini ya mibuni maharage, na ardhi yake imenoneshwa kwa samadi ya ng'ombe na nyasi zilizobebwa kutoka rweya, yaani mbuga zilizo nje ya kijiji. Ndizi za kupika zina majina yake, kama Enchoncho na Nshakara, na mpishi huchagua kwa jina wala hachukui iliyo karibu. Ndizi humenywa mbichi, utomvu ukaacha alama nyeusi vidoleni, zikapangwa chunguni pamoja na maharage na kufunikwa kwa majani ya mgomba ili mvuke usitoke. Zikiiva hugeuka rangi ya manjano, laini bila ya kuvurugika, zimenywa mchuzi na bado zina ladha yake zenyewe. Chakula hicho huliwa kingali moto. Kikipoa huwa kigumu, na utamu wake huondoka pamoja na mvuke.

Sharti hilo la moto ndilo la kwanza kuvunjwa mjini. Ndizi hupikwa asubuhi, zikawekwa zimngoje mteja wa adhuhuri, na afikapo hupewa kitu kizito ambacho mchuzi umepita juu yake kama maji juu ya jiwe. Waitalia wana kanuni katika tambi zao ambayo yeyote mwenye mkahawa angefaidika nayo: mlaji ndiye azingojaye tambi, wala tambi hazimngoji mlaji. Atafutaye tambi nzuri katika mji mkubwa hana haja ya kutazama mapazia wala taa za meza. Atazame kama ameambiwa asubiri. Atafutaye ndizi nzuri afanye vivyo hivyo.

Lakini kuna hukumu nyingine ambayo si ya haki, nayo husikika sana kwa watu wa Kagera waishio pwani: kwamba ndizi ikishatiwa nazi imeharibika. Hapo yafaa kuzitazama tena tambi. Watu wa visiwani na wa mwambao huzikaanga, wakazipika kwa sukari, iliki na tui, na katika futari za Ramadhani hakuna aulizaye kama Mtaliana angezitambua. Wasomali nao walizizoea tambi wakati wa utawala wa Italia, wakazitia mchuzi wao wa nyama, wakaweka na ndizi mbivu pembeni ya sahani. Kisha wakazileta Eastleigh, Nairobi, ambako leo mtu aweza kuzila hivyo hivyo. Tambi hizo hazikuharibika. Zilipata kwao kwingine.

Wapenzi wa ushairi wanaujua mzozo wa namna hii. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, aliziweka katika maandishi kanuni za vina na mizani ambazo malenga wa pwani walikuwa wakizishika tangu zamani. Miaka ya 1970 zikaja sauti kutoka kandokando ya ziwa: Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, mwaka 1974, na Malenga wa Bara ya Mulokozi na Kahigi mwaka 1976. Wako waliosema kuwa utungo usio na vina si shairi, na wako waliosema kuwa vina ni minyororo. Pande zote mbili zilikosea pale zilipolipima shairi kwa bahari ambayo mtunzi wake hakuwa ameikusudia. Swali la mhakiki ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: mtunzi huyu aliazimia kusafiri bahari gani, na je, amefika?

Kwa kipimo hicho, ndizi za nazi zilizopikwa vizuri na mtu wa Unguja au Tanga ni utungo kamili katika bahari yake. Kosa halianzi kwenye tui. Huanza kwenye jina. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300, na ndizi nyingi ziliwazo jijini hutoka Rungwe na Kilimanjaro. Ndizi hizo zina sifa zake. Mshare wa Kilimanjaro hauna mpinzani katika mtori. Lakini kuupika mshare na kuuita ndizi ya Bukoba ni sawa na kuandika tarbia na kuitangaza kuwa utendi. Asiyejua atashiba, na ajuaye atanyamaza kwa adabu, na kwa kunyamaza huko jina litahama polepole.

Jina likihama, mkulima wa Maruku naye ataguswa. Maruku kuna kituo cha utafiti wa kilimo, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, na ndizi ni kazi yake kubwa. Tangu mwaka 1997 wakulima wa Kagera waligawiwa aina mpya za FHIA, zilizozalishwa Honduras, zenye mikungu mikubwa na ustahimilivu wa maradhi. Zilisaidia, lakini wengi waliozipika walisema kuwa ladha yake haifikii ya zile za kale. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa bakteria ukagunduliwa mkoani humo, na watu wakalazimika kuing'oa migomba iliyokuwa imeuguzwa. Mkulima apandapo upya huuliza soko linataka nini. Soko likitaka ukubwa wa mkungu peke yake, atapanda ukubwa. Soko likimuuliza kwa jina Enchoncho iko wapi, atakuwa na sababu ya kuihifadhi. Kwa hiyo ulimi wa mlaji wa jijini una sauti katika kibanja asichopata kukiona.

Hapo ndipo mlaji apaswapo kuwa mhakiki. Akikaa mezani aulize mambo matatu kabla ya kusifu au kulaumu: ndizi hizi zimetoka wapi, zimetolewa jikoni saa ngapi, na mpishi alikusudia mapishi gani. Mhudumu akizijibu, hata kama jibu ni Tukuyu na tui la nazi, sahani hiyo imekuja na haki yake, nayo ihukumiwe kwa haki. Akijibu Bukoba, basi na ziwe za manjano, laini, moto, zimelala pamoja na maharage yake. Pungufu ya hapo, mlaji alipe, ashukuru, na amwambie mwenye mkahawa kwa upole alibadilishe jina kwenye orodha ya vyakula.