Mkasi na Mbuni: Sifa za Ustadi wa Kupogoa

Mbuni wa arabika kwa kawaida hauzai mara mbili mahali pamoja. Kila kifundo cha tawi, yaani pale jani linapoungana na tawi, huchanua maua na kubeba matunda, kisha matunda hayo yakishachumwa kifundo hubaki kitupu. Mavuno ya mwaka unaofuata hutoka kwenye sehemu mpya ya tawi, ile iliyorefuka wakati buni za mwaka huu zilipokuwa zikikomaa. Kwa sababu hiyo zao husogea kila mwaka kuelekea nchani, mbali zaidi na shina, na mti ulioachwa ujiendee wenyewe huishia na matawi marefu, membamba na matupu, yenye majani machache na konzi moja ya buni kwenye ncha zake. Huo ndio msingi wa kazi ya kupogoa mibuni, kazi ambayo katika vihamba vya Kilimanjaro, mashamba ya Mbinga na Mbozi, na miteremko ya Nyeri na Kiambu imefanywa kwa vizazi kadhaa bila kupewa heshima inayoistahili, pengine kwa kuwa matunda yake huonekana baada ya muda mrefu kiasi kwamba aliyeyasababisha huwa ameshasahauliwa.

Kupogoa ni kuondoa sehemu ya mti kwa kusudi linalojulikana tangu kabla ya kukata, na kwa mbuni kusudi la kwanza ni kuuzuia mti usijimalize. Asili ya arabika ni misitu ya nyanda za juu za Ethiopia, ambako huota chini ya kivuli cha miti mikubwa na kuchanua maua machache. Ulipotolewa kivulini na kupandwa kwenye mwanga mwingi na mbolea, mbuni ulianza kubeba matunda kupita uwezo wa majani yake kuyalisha, wala hauna tabia ya kuyapukutisha mengi yanapozidi, kama mwembe unavyofanya. Buni zinapokosa chakula cha kutosha kutoka kwenye majani, huvuta akiba iliyomo matawini na mizizini, hata matawi huanza kukauka kuanzia nchani na mizizi midogo kufa, na mwaka unaofuata mkulima karibu hapati kitu. Mwaka wa tatu mti hupata nafuu na kuzaa tena kupita kiasi. Kupanda na kushuka huku, ambako wataalamu wa kilimo hukuita kuzaa kwa kupokezana, mara nyingi mkulima hukudhania ni bahati au hali ya hewa, ilhali sehemu kubwa yake ingeweza kutulizwa kwa mkasi.

Lakini mkasi peke yake hautoshi, kwa sababu mbuni una maumbile ambayo humwadhibu anayekata bila kuyajua. Katika kwapa la kila jani lililo kwenye shina, jicho la juu kabisa, yaani kile kitumba ambacho chipukizi huanzia, hutoa tawi la ulalo, na hufanya hivyo mara moja tu katika maisha ya shina hilo. Chini yake yapo macho mengine kadhaa yaliyolala, ambayo yakiamshwa hutoa chipukizi za wima ziitwazo maotea. Tawi la ulalo ndilo linalozaa, na likikatwa shinani halirudi tena mahali pale, hata mti ukitunzwa namna gani. Otea, kwa upande wake, laweza kuwa shina jipya lenye matawi yake yote mapya. Tofauti hii imejikita sana kiasi kwamba kipande cha tawi la ulalo kikioteshwa mizizi hutoa kijiti kinachotambaa kandokando, kisichosimama kamwe kuwa mti. Ndiyo maana vituo vinavyozalisha miche ya vikonyo, yaani vipande vya mti vilivyooteshwa mizizi, kama Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) iliyoko Lyamungu, karibu na Moshi, huchukua vikonyo vyake kwenye maotea na si kwenye matawi. Mpogoaji anayelifahamu jambo hili hukata tawi la ulalo kwa kusitasita na otea kwa wepesi, naye asiyelifahamu hufanya kinyume, akidhani amesafisha mti kumbe amepunguza mavuno ambayo hayatarudi mpaka shina zima libadilishwe.

Macho yaliyolala huamshwa kwa kukata ncha, na sababu yake ilichukua muda kueleweka. Mwaka 1933 Kenneth Thimann na Folke Skoog walionyesha kwamba ncha ya mmea inayokua hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka chini kupitia shina na kuyazuia macho ya pembeni yasichipue. Walipoikata ncha macho yaliamka, na walipopaka oksini mahali pa jeraha macho yaliendelea kulala kana kwamba ncha ingalipo. Utafiti wa baadaye umeongeza kwamba mgawanyo wa sukari ndani ya mmea nao una nafasi yake katika mwamko huo. Kuinamisha shina huleta matokeo yanayofanana na hayo, kwa kuwa ncha iliyoshushwa hupoteza sehemu ya mamlaka yake, na ndiyo sababu baadhi ya wakulima huupinda mche mchanga au huupanda ukiwa umelala kidogo ili utoe maotea mengi karibu na ardhi.

Juu ya msingi huo imejengwa mifumo miwili ambayo kila mwenye mibuni lazima achague mmojawapo. Katika mfumo wa shina moja, mche hukatwa ncha unapofikia kimo fulani, otea moja huruhusiwa kuliendeleza shina, kisha hukatwa tena juu zaidi, hadi mti unaposimamishwa kwenye kimo cha mita 1.7 au 1.8 hivi, ambacho mchumaji hukifikia bila ngazi. Tangu hapo kazi yote huwa ni kuchagua matawi ya ulalo yatakayobaki na yatakayoondoka, mwaka baada ya mwaka, na kung'oa maotea bila kuchoka. Mfumo wa mashina mengi huacha mashina mawili au matatu kwenye kisiki kimoja, kila shina likizaa kwa miaka mitano hadi saba kabla ya kuondolewa na kurithiwa na otea lililolelewa kwa kazi hiyo. Wa kwanza hudai ustadi mkubwa na vibarua wengi, kwa hiyo umewafaa zaidi wenye mashamba makubwa. Wa pili husamehe makosa, kwani tawi lililoharibiwa leo litaondoka na shina lake baada ya miaka michache. Kwa mkulima mdogo mwenye mibuni mia mbili chini ya migomba, mfumo wa mashina mengi ni bora, na ubishi unaoendelea kuhusu jambo hili kwa kiasi kikubwa ni wa watu wasiochuma kahawa kwa mikono yao.

Sehemu ya kazi hii inayostahili kutazamwa kwa karibu ni uteuzi wa maotea baada ya mti mkongwe kukatwa kisiki. Shina hukatwa kwa msumeno kwenye urefu wa sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, mkato ukiwa wa mshazari ili maji ya mvua yatiririke badala ya kutuama na kuozesha, na mara nyingi shina moja dogo huachwa kwa muda ili liendelee kuilisha mizizi. Wenyewe huliita shina la kupumulia. Baada ya miezi michache kisiki hufunikwa na maotea kwa makumi, na hapo ndipo jicho la mpogoaji hupimwa. Yeye hachagui yaliyo marefu kuliko mengine, maana hayo kwa kawaida huwa yamechipua juu kabisa, karibu na mkato, mahali ambapo kisiki kitaoza baadaye. Huchagua mawili au matatu yaliyotoka chini kidogo, manene, yenye majani yaliyokaribiana, na yaliyo pande tofauti za kisiki, kwa kuwa maotea yaliyoota ubavu kwa ubavu hubanana yanaponenepa na kupasuka yakilemewa na mzigo wa kwanza. Yaliyokataliwa hayakatwi. Hubanduliwa kwa dole gumba yangali laini, kwa kuvutwa upande, ili yatoke pamoja na kitako chake, kwani otea lililokatwa kwa kisu huacha macho madogo kwenye kitako hicho, na baada ya wiki chache mahali pa moja pataota matatu.

Kila mkato ni jeraha, na mti hauponi kama mwili wa mnyama unavyopona. Aliyelisisitiza jambo hili kuliko wote ni Alex Shigo (1930–2006), mtaalamu wa magonjwa ya miti katika Idara ya Misitu ya Marekani, ambaye alipasua maelfu ya magogo kwa urefu kwa msumeno wa mashine ili aone kinachotokea nyuma ya makovu, na mwaka 1977 akaeleza kwamba mti hauziponyi chembe zilizoumia bali huzitenga, ukijenga kuta za kikemikali na za mbao mpya ili uozo usivuke. Kutokana na kazi yake wapogoaji walijifunza kuuheshimu uvimbe ule unaozunguka kitako cha tawi kama kola ya shati, maana ndani yake ndimo zilimo tishu zinazojenga ukuta huo: anayekata nje kidogo ya uvimbe huuachia mti kinga yake, anayekata sambamba na shina huiondoa, na anayeacha kipande kirefu huacha daraja la kuvu kuingilia. Shigo pia alipinga desturi ya kupaka jeraha rangi au lami, akionyesha kwamba haizuii uozo. Tawi zito, hasa la mti wa kivuli, hukatwa kwa mikato mitatu: wa kwanza kutoka chini, mbali kidogo na shina, wa pili kutoka juu mbele ya huo ili uzito uanguke bila kuchana gome, na wa tatu wa kuondoa kigutu kilichobaki.

Kwa mantiki hiyo panga halina nafasi katika kazi hii, ingawa ndilo linalotumiwa zaidi. Panga hupasua mahali pa kukata, na likipita kutoka mti hadi mti bila kusafishwa hubeba maradhi. Mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu ulioteketeza mibuni ya robusta nchini Kongo na Uganda katika miaka ya 1990 na kufika Kagera, huingia kupitia majeraha, na zana za shambani ni mojawapo ya njia zake. Mkasi mkali uliofutwa kwa spiriti si anasa. Tena mti uliofunguliwa katikati, hewa na mwanga vikipita, hukauka upesi baada ya mvua, hivyo chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni zikiwa changa, hupata nafasi ndogo zaidi, na dawa inayopulizwa huyafikia majani ya ndani. Mdudu aitwaye antestia, ambaye katika Rwanda na Burundi anahusishwa na ile kasoro ya kahawa kunuka kiazi kibichi, hupenda mti uliosongamana, na kwake upogoaji ni adha.

Miti mingine hupogolewa kwa hoja nyingine. Mchai wa Kericho na Mufindi, ambao ungeachwa ungekuwa mti wa mita nyingi, hukatwa kila baada ya miaka mitatu au minne ili usitoe maua wala mbegu bali majani machanga kwenye uso ulio sawa na kiuno cha mchumaji. Mgrivea wa mpakani huondolewa matawi ya chini ili utoe kuni leo na mbao isiyo na mafundo kesho. Mijohoro ya mitaani, inayokatwa vichwa kila inapogusa nyaya za umeme, haipogolewi. Hiyo hukatwa tu, na chipukizi dhaifu zinazofuata huwa hatari kuliko matawi yaliyoondolewa.

Kinachoirudisha nyuma kazi hii kwenye kahawa ni bei kuliko ujinga. Mfumo wa mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulipovunjika mwaka 1989 bei ziliporomoka, na mashamba mengi yaliachwa bila kuguswa, kwani hakuna anayeajiri mpogoaji kwa zao lisilolipa. Kukata kisiki nako huuma, maana ni kuliacha pato la takriban miaka miwili kwa ahadi ya shina jipya. Hivyo wataalamu hushauri shamba ligawanywe, likatwe robo kila mwaka, mkulima asikose chote kwa pamoja. Wengi husubiri bei ipande ndipo wakate, wakati ambapo kila tunda lina thamani na mkono unakuwa mzito zaidi, na visiki vyao huanza kuzaa bei ikiwa imeshashuka. Mwenye mibuni iliyozeeka na aanze na robo ya shamba lake, mavuno ya mwaka huu yakiisha na kabla masika haijaingia, bei iwe juu au iwe chini.