Asili na Maana ya Neno "Daima"

Mwaka 1984, nikiwa mkufunzi wa Kiswahili katika chuo kimoja cha ualimu, niliwapa wanachuo wa mwaka wa kwanza insha yenye kichwa "Kijijini Kwetu". Mmoja wao, kijana wa Kimasai kutoka Olbalbal, aliandika kwamba kwao kuna maji ya daima. Mimi nilikuwa nimepata kupita Olbalbal wakati wa kiangazi, nikaona vumbi na nyayo za ng'ombe tu. Nikapiga mstari kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: "Si kweli. Hukauka." Kisha nikampunguzia alama. Alipokuja kuchukua daftari lake alisoma, akasema, "Ahsante, Mwalimu," akaenda zake.

Ndugu msomaji, nataka hapa kulisahihisha sahihisho lile, ingawa nimechelewa miaka arobaini.

Kosa langu lilitokana na mafundisho ya visawe, ambayo sisi walimu tuliyapenda mno. Tulifundisha kwamba daima ni milele, milele ni abadi, na abadi ni daima. Anayetafuta maana hutumwa nyumba ya pili, na wa nyumba ya pili humrudisha ya kwanza. Lakini lugha haiweki maneno matatu kwa kazi moja. Chukua sentensi hii: "Daima huja kwangu siku ya Jumapili." Kila mtu anaielewa. Sasa sema: "Milele huja kwangu siku ya Jumapili." Mtoto wa darasa la tatu atacheka. Anayekuja daima huondoka pia, tena huondoka kila mara, maana asipoondoka atakujaje tena? Milele haina nafasi ya kwenda na kurudi. Ndiyo maana huandamana na mambo ya mbinguni na motoni, na mara nyingi haitoshi peke yake, huongezwa "milele na milele".

Abadi na azali ni maneno ya wanavyuoni. Yote mawili ni ya Kiarabu: azali ni umilele usio na mwanzo, abadi ni umilele usio na mwisho. Washairi wa pwani waliyajua vizuri. Sisi wa bara tuliyakuta vitabuni tukayaweka yote kapu moja. Ajabu ya abadi ni kwamba ikifika mdomoni mwa mtu mwenye hasira hugeuka "abadani!", yaani hata siku moja. Shina moja limezaa "siku zote" na "hata siku moja".

Sasa daima. Hili nalo ni la Kiarabu, na ndugu zake ni kudumu na dawamu. Shina lao ni dali, wau na mimu. Hapa namshukuru mkufunzi mwenzangu mmoja, mzaliwa wa Pangani, aliyekaa chuo cha Kurani utotoni kabla hajafika shule ya serikali. Siku moja mwaka 1991 tulikuwa ofisi ya walimu, nikamsimulia ile insha kama kichekesho. Hakucheka. Aliniambia kwamba katika mafunzo ya tohara aliyoyasoma akiwa mtoto, maji daima ni maji yaliyotuama, yasiyokwenda, na kuna katazo la Mtume la mtu kukojoa ndani yake kisha akaoga humo humo. Si maji yasiyokwisha. Ni maji yaliyokaa mahali pake, kinyume cha maji ya mto. Akaongeza kwamba Waarabu wanalo neno "dima" la shina hilo hilo, nalo ni mvua inyeshayo muda mrefu, taratibu, bila radi.

Basi kabla neno hili halijafika kwetu kuwa kielezi cha "siku zote", lilikuwa limekwisha kuloweshwa kwa mvua na kutuama kwenye dimbwi. Nilinyamaza. Yule kijana alikuwa amekwisha kupangiwa shule, sikujua wapi.

Kudumu nako kuna jambo. Wenzangu wa rika langu watakumbuka tulivyoitikia "Zidumu!" mikutanoni, tukiziombea fikra za Mwenyekiti. Aidha, wimbo wa taifa unatumia kitenzi dumisha. Tazama sarufi yake: mtu haombei jua lidumu, wala hadumishi mlima. Tunaomba na kudumisha kile kinachoweza kutuponyoka.

Mapema mwaka 2024, baada ya zile mvua za mwishoni mwa 2023 zilizoleta maporomoko ya Hanang, nilialikwa Olbalbal na mtu niliyekuwa nimempoteza kwa miaka mingi. Tulipita lango la Lodoare, tukazunguka ukingo wa kreta, tukateremka kwa Malanja. Chini bonde liling'aa. Korongo la Oldupai, ambalo vitabu vimezoea kuliita Olduvai, hutoka magharibi upande wa Ndutu na Masek na kumalizikia hapo. Maji yake hayaendi baharini wala ziwa lolote kubwa, hutuama Olbalbal hadi jua liyamalize. Na si jambo la jana. Mary Leakey alipookota lile fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, lenye umri wa miaka kama milioni 1.75, alilikuta kwenye tabaka zilizowekwa kando ya ziwa la kale, ziwa lililokuwa likipanuka na kunywea, likipanuka na kunywea.

Mwenyeji wangu, naye sasa mwalimu mstaafu, alinipokea kwa "Shikamoo, Mwalimu" akanipeleka kando ya maji. Nilimwambia yote niliyoyasikia kwa yule mtu wa Pangani. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema:

"Mimi sikuyajua hayo ya Kiarabu. Nilijua tu kwamba baba alihama hapa kila kiangazi, akarudi kila masika, na kila aliporudi aliyakuta."

Nilipomuuliza habari za nyumbani alinitajia ndugu zake wawili waliohamia Msomera, wilaya ya Handeni, katika uhamisho ulioanza mwaka 2022. Yeye amebaki. Alikuwa na fomu mkononi, ya jambo dogo la mjukuu wake na shule, nayo ilikuwa na ule mstari tunaoujua sote: "Makazi ya kudumu". Alitaka ushauri wangu. Wazee wake walitoka Serengeti ilipofanywa hifadhi peke yake na Ngorongoro ikawekewa sheria yake mwaka 1959. Yeye mwenyewe amehama na kurudi na ng'ombe maisha yake yote. Nyumba yake ni ya miti na udongo, wala si ile ya tofali na bati ambayo siku hizi ndiyo huitwa ya kudumu. Je, mtu kama huyo ana makazi ya kudumu?

Sisemi kwamba shauri la ardhi litaamuliwa kwa kamusi. Lakini aliyetunga fomu ile alilifahamu neno kama nilivyolifahamu mimi na kalamu yangu nyekundu: kisichoonekana leo hakipo. Kwa maana hiyo mfugaji hana kwao, na Olbalbal haina maji. Nilimwambia aandike Olbalbal. Akaandika, kwa mwandiko ule ule wa mwaka 1984, mzuri kuliko wangu.

Tulipokuwa tukirudi kwenye gari nilimwambia kwamba namdai msamaha kwa zile alama tatu.

"Zilikuwa nne, Mwalimu," akasema.