Wana wa Mwezi na Nikeli ya Kabanga: Kumsoma Verne kutoka Ngara na Biharamulo

Wahakiki wa bunilizi za kisayansi za zamani wanapenda sana kuhesabu: hiki kimetimia, kile bado. Makala haya yanadai kwamba hesabu hiyo haitoshi. Mhakiki hana budi kuuliza pia: mwandishi alimpandisha nani ndani ya chombo, na nani alimwacha chini akikodoa macho?

Tuchukue riwaya inayotuhusu sisi wa Kagera: Cinq semaines en ballon, yaani Wiki Tano katika Puto, ya Mfaransa Jules Verne, iliyotoka Januari 1863. Dakta Fergusson, rafiki yake Kennedy na mtumishi Joe wanapaa kutoka Zanzibar, wanafika Kazeh (Tabora ya leo), kisha Karagwe na Ziwa Ukerewe. Chora mstari kutoka Tabora hadi Karagwe: unapita Biharamulo, na Ngara iko pale pale magharibi yake. Speke alizipita pande hizi kwa miguu mwaka 1861, enzi za Usui. Verne yeye amewapitisha mashujaa wake angani, katika puto ambalo gesi yake hupashwa moto kwa msaada wa betri ya umeme.

Wakiwa juu ya Unyamwezi, Fergusson anatabiri. Asia imechoka, Ulaya inachoka, Marekani nayo itachoka. Hapo mataifa yatahamia Afrika kufaidi hazina zilizolala ardhini. Kennedy hakubali: anaona mashine zitakuja kummeza binadamu aliyezibuni.

Haya, tupime. Kuhusu hazina, Verne hakukosea. Dhahabu ya Tulawaka, Biharamulo, ilianza kuchimbwa na kampuni ya kigeni mwaka 2005. Kabanga, Ngara, kuna nikeli, madini yanayotafutwa kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Katika mkataba wa Januari 2021 serikali ilipata hisa asilimia 16, na kiwanda cha kusafishia kikapangwa kujengwa Kahama. Betri iliyompaisha Fergusson juu ya vichwa vyetu sasa inataka kilicho chini ya miguu yetu.

Lakini kuhusu uhamaji, utabiri umevunjika. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Hawakuwa Wazungu waliochoka na ardhi yao. Walikuwa majirani kutoka Rwanda, na waliowapokea ni wanakijiji wenye migomba yao na kuni zao chache.

Kwa nini Verne hakuliona hilo? Jibu limo katika sura ya Kazeh. Wenyeji wanalidhani puto kuwa mwezi na wasafiri kuwa wana wa mwezi, mpaka mwezi wenyewe unapochomoza na wageni kulazimika kutoroka. Ni kichekesho kizuri kifani. Kimaudhui, kinampa mgeni wakati ujao na kumwachia mwenyeji mshangao tu. Mtu asiyepewa akili ya kutenda katika hadithi hawezi kutabiriwa kuwa atahama, atapokea wageni au atadai hisa.

Wapo watakaosema: jamani, Verne alikuwa mtu wa zama zake. Sawa, hilo linaeleza, ila halifuti. Na fasihi yetu imekwisha mjibu. Katika Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, anayerushwa nje ya dunia ni Dzombo, Mwafrika aliyehukumiwa, na nchi anayotua jina lake linasomeka "wale ni sisi". Hapo aliyekuwa chini amepanda chomboni, japo kama mfungwa.

Kazi iliyobaki ni yetu, wanafasihi wenzangu. Bunilizi ya Kiswahili inayoanzia Kabanga au Rusumo itamke waziwazi nani anaendesha, nani anachimba, na nikeli ikiisha nani atabaki na shimo. Tukimwachia Fergusson mwingine aiandike, tutajikuta tena sokoni Kazeh tukiutazama mwezi wa watu.