Kuboresha si Kazi: Uhakiki wa Istilahi za Kuongeza Uwezo wa Kompyuta Kuukuu

Miongoni mwa vitenzi vinavyotumika mno katika barua na mikataba ya ofisi zetu ni kitenzi kuboresha. Huduma huboreshwa, mitaala huboreshwa, na tangu kompyuta zilipoenea, nazo pia huboreshwa. Katika makala haya twakusudia kukihakiki kitenzi hiki kikiwa istilahi ya ufundi, hasa kinapotumiwa juu ya kompyuta ya mezani ya kazi nzito, yaani ile ya kuchorea ramani au kukokotolea takwimu nyingi, ambayo imezeeka lakini haijafa. Hoja yetu ni moja: kuboresha hutaja matokeo yanayotarajiwa, wala hakutaji kazi inayofanywa. Istilahi isiyotaja kazi haiwezi kumwongoza fundi, wala haiwezi kumlinda anayelipa.

Jambo hili lina haraka yake. Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Mfumo unaoufuata, Windows 11, uliotolewa mwaka 2021, una masharti ambayo kompyuta nyingi za zamani haziyatimizi. Hivyo ofisi nyingi zimelazimika kuamua: zinunue mashine mpya, au ziiongezee uwezo ile iliyopo? Uamuzi huo, kabla haujamfikia fundi, huandikwa kwanza katika dokezo la ofisi, kwa Kiswahili. Dokezo likikosea neno, fedha za umma hukosea njia.

Kabla ya kuifungua mashine yenyewe, tutazame jinsi lugha yetu inavyotenda katika kazi nyingine inayofanana na hii. Pale Ndundu, kwenye mto Rufiji, watu na magari walikuwa wakivushwa kwa pantoni. Mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa meta 970. Hakuna msafiri wa kusini aliyesema kwamba kivuko kimeboreshwa. Alisema daraja limejengwa. Kitu kimoja kilikuwa kimeondolewa katika kazi yake na kingine kimeshika nafasi, na lugha ikasema hivyo. Kutoka Ndundu kwenda Somanga ipo barabara ya kilomita 60 ambayo zamani ilikuwa mateso wakati wa masika. Wahandisi wanaoandika Kiingereza huwa na neno moja la jumla kwa kazi ya namna hiyo. Kiswahili cha serikali kimezoea kusema: barabara imejengwa kwa kiwango cha lami. Tazama ubora wa usemi huu. Umetaja kazi, nayo ni kujenga. Na umetaja kiwango kilichofikiwa, nacho ni lami. Mwananchi anaweza kwenda kukagua, akaona lami ipo au haipo.

Sasa mwandishi yule yule akigeukia kompyuta, huandika: "Kompyuta mbili ziboreshwe." Nani atakagua nini? Fundi anaweza kupangusa vumbi, akabadili feni, akadai malipo. Naye hatakuwa amesema uongo.

Ukweli ni kwamba ndani ya neno hili moja zimefichwa kazi tano zilizo mbali mbali. Ya kwanza ni kukarabati: kukirudisha kitu katika hali yake ya awali, kama vile kubadili betri ndogo ya saa iliyokwisha nguvu. Uwezo hauongezeki. Ya pili ni kupachika: kutia kipande kipya katika tundu lililokuwa tupu, kama ramu ya nyongeza. Ya tatu ni kubadili: kutoa kipande kilichokuwapo na kuweka chenye uwezo zaidi mahali pake, kwa mfano kutoa diski inayozunguka na kuweka diski mango isiyo na sehemu inayokwenda. Ya nne ni kuhamisha: kuyatoa mafaili na programu katika diski ya zamani na kuyapeleka katika mpya, kazi hii husahaulika mara nyingi katika dokezo, kisha hugombaniwa baada ya malipo. Ya tano ni kusasisha, ambako wengine husema kuhuisha: kuweka toleo jipya la programu, bila kugusa bisibisi.

Twapendekeza kwamba kwa kazi zinazoongeza uwezo wa vifaa jina la jumla liwe kuongeza uwezo, na kwamba lisiandikwe kamwe peke yake katika agizo. Lifuatwe na kitenzi mahsusi, jina la kipande, na kiwango kinachotakiwa. "Ipachikwe ramu ili jumla ifike gigabaiti 16" ni agizo linalokaguliwa, kama lami inavyokaguliwa.

Upungufu wa pili upo katika neno kumbukumbu. Neno hili limetumika kwa vitu viwili: mahali ambapo mashine huweka kazi inayoendelea, ambapo hufutika umeme ukizimwa, na mahali inapotunza mafaili kwa siku zote. Matokeo yake ni mzaha. Masharti ya Windows 11 hudai gigabaiti 4 za namna ya kwanza na gigabaiti 64 za namna ya pili. Mfasiri anayetumia kumbukumbu kwa zote mbili atamwambia msomaji kwamba kompyuta yataka kumbukumbu 4 na kumbukumbu 64. Mafundi wa madukani wamekwisha kulitatua tatizo hili bila kamati yoyote: wao husema ramu. Twaona lipokewe. Ramu iwe ya kazi inayoendelea, na hifadhi iwe ya kutunza. Kumbukumbu lirudi katika mihutasari ya vikao, ambako halina mpinzani.

Tena hata neno ramu halitoshi bila aina. Kipande cha aina ya tatu kwa kompyuta ya mezani kina vijino 240 vya kugusia, cha aina ya nne kina 288, na pengo la kila kimoja haliko mahali pamoja; hakiwezi kuingia katika tundu la mwenzake. Baadhi ya kompyuta za kazi nzito hutumia ramu inayojisahihisha makosa, ambayo si ile ya kawaida. Kwa ofisi iliyo Dar es Salaam, kosa hili ni la kutembea hadi dukani na kurudi. Kwa ofisi iliyo Kibiti, au ng'ambo ya Ndundu, ni safari ya zaidi ya kilomita mia moja kwa kipande kisichozidi kiganja cha mkono.

Jambo la tatu ni ubao mama. Hatulikatai neno mama katika istilahi zote. Sheria mama ni ile inayozaa kanuni, na hapo uzazi una maana. Ubao huu hauzai kitu; hubeba vipande vingine na kuviunganisha. Kiswahili kina neno lake kwa kilicho kikubwa na cha msingi: twasema barabara kuu, mlango mkuu, posta kuu. Ubao mkuu ungetosha.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi, na mafundi huelewana. Huelewana kwa sababu wameshika kipande mkononi. Mhasibu, mwalimu mkuu na mfasiri hawakukishika. Wao wana neno tu. Twadhani udhaifu huu una historia yake pia. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilidumu miaka mingi kabla ya kuondolewa. Istilahi za fani nyingi zilipokuwa zikisanifiwa kwa bidii, mashine hii ilikuwa adimu. Majina ya vitu yakapatikana katika vitabu; vitenzi vya kazi ya mkono, ambavyo huzaliwa karakanani, vikachelewa. Ndiyo maana orodha nyingi zimejaa nomino.

Lakini karakana za Kiswahili si ngeni. Neno maunzi, ambalo limekubalika kwa vifaa vya kompyuta vinavyoshikika, lina mzizi mmoja na unda, kitenzi cha waundaji wa vyombo vya baharini. Fundi wa mashua katika delta ya Rufiji hamwambii mwenye chombo kwamba atakiboresha. Husema atakalafati, au atabadili ubao, au ataongeza taruma. Na bei ya kila kazi ni mbali. Ikiwa tumekopa nomino kutoka kwake, tukope na desturi yake ya kutaja kazi kabla ya kutaja malipo.

Twawaomba watafsiri, walimu na watumishi wa serikali wayapime mapendekezo haya katika nyaraka zao wenyewe: walichukue dokezo moja lenye neno kuboresha, walifute, kisha wajaribu kuandika mahali pake kitenzi cha kazi yenyewe. Iwapo hakipatikani, basi huenda kazi yenyewe haijajulikana, na dokezo halijawa tayari kutiwa saini.