PLC ya Bei Poa Inayoongea na Tangi Lililo Mlimani

Haya mafundi, sogeeni! Arduino Opta imefika Isongole, Rungwe. Imebana kwenye reli ya DIN, nyaya mbili za volti 24 zimeshaingia, na relei zake zinalia tak, tak, tak kila programu inapozigusa. Tangu Arduino na Finder, watengenezaji wa relei wa Italia, walipoitangaza mwaka 2022, nimekuwa nikiimezea mate. Sasa ipo mezani na sina mpango wa kuirudisha kwenye boksi. PLC kamili, yaani kompyuta ndogo ya kuendeshea mitambo, inayoenea kiganjani, na bei yake huko Ulaya huwa kati ya yuro 100 na 200 kabla ya kodi na usafiri! Anayejua bei za PLC kubwa za viwandani, ukijumlisha na leseni za programu zake, hapo lazima akohoe.

Najua swali linalokuja. PLC, Isongole? Hivi vitu si vya kiwanda cha saruji kule Songwe, au cha chai kule Katumba? Ndivyo tulivyozoea. Lakini pita barabara ya Mbeya–Tukuyu msimu wa viazi uone. Viazi vikishachimbwa vinasubiri gari. Vikisubiri sana vinachipua, vikikaa kwenye mwanga vinageuka kijani, vikirundikwa kwenye joto vinaoza. Mkulima anaviachia kwa bei ya dalali, tena kwa lumbesa. Na huku kila usiku Isongole inagawa bure kitu ambacho watu wa Dar es Salaam wanakilipia bili: baridi.

Hapo ndipo nilipoipa Opta kazi yake ya kwanza. Sensa moja ya joto ndani ya rundo la viazi, nyingine nje ukutani, na feni moja. Kanuni ni fupi: feni iwake pale tu hewa ya nje inapokuwa baridi kuliko viazi kwa nyuzi 2 au zaidi, na izime viazi vikishuka hadi nyuzi 8, maana viazi vya kula hupenda kukaa kati ya 7 na 10. Kwa nini isiwe saa ya kawaida tu, iwashe feni usiku na kuizima alfajiri? Kwa sababu ukungu wa huku hauna ratiba. Ukivuta hewa yenye joto na unyevu ikakuta viazi vilivyopoa, ngozi ya kiazi inalowa, na hapo umeualika uozo kwa gharama yako mwenyewe. Hewa iliyo baridi kuliko viazi haina balaa hilo: ikiingia kwenye rundo inapata joto kidogo, inakauka, inapita na joto la viazi. Saa haiwezi kujua tofauti hiyo. Opta inaijua kwa mistari michache.

Na mistari hiyo unaiandika bila kununua leseni! Programu ya Arduino PLC IDE ni bure kwa Opta, na inakubali lugha tano zilizowekwa na kiwango cha IEC 61131-3, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1993. Fundi aliyesoma umeme wa viwandani VETA akiona mojawapo, ile michoro ya ngazi (ladder), ataitambua papo hapo, maana ni ndugu wa michoro ya kontakta anayoifunga kila siku. Kijana wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya aliyezoea kuandika msimbo wa Arduino naye hajaachwa, kifaa ni kilekile.

Mzee mmoja mwenye ghala alikuwa akiniangalia kwa jicho la mashaka. "Mwanangu, umeme ukikatika, hicho kidude kinasahau?"

"Hakisahau, mzee wangu. Programu inabaki ndani. Umeme ukirudi kinaanza kazi chenyewe."

Akaitikia kwa kichwa, akavuta kiti. Nikajua nimempata.

Lakini raha yenyewe, ndugu msomaji, iko kwenye matundu machache yaliyoandikwa RS-485. Isongole ni milima. Maji yako bondeni, tangi liko juu, ghala liko kando ya barabara. Opta usoni ina njia 8 za kuingizia ishara na relei 4 za kutolea. Wanunuzi wengi huhesabu njia hizo, wakiziona chache wanakimbilia PLC kubwa zaidi. Mimi nasema hesabu hiyo ni ya pili. Cha kwanza ni kifaa kinaongeaje na vitu vilivyo mbali. Ukivuta waya wake kwa kila floti (swichi ya kuelea ya tangini), kila sensa na kila taa, shaba itakumalizia pesa kabla PLC haijatoka kwenye boksi. Kwa RS-485 unavuta jozi moja ya nyaya zilizosokotwa pamoja na waya wa tatu wa GND, hadi meta 1,200, na kwenye kebo hiyohiyo unafunga moduli za mbali: ya tangini, ya ghalani, ya kisimani. Lugha yao ni Modbus, iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979. Ina umri mkubwa kuliko mafundi wengi watakaoitumia, na ndiyo maana karibu kila mtengenezaji anaijua. Moduli ya relei 8 ya Waveshare, mita ya umeme, sensa ya unyevu: kila kimoja kinapewa namba yake kati ya 1 na 247, kikiitwa kinajibu. Utamu ulioje!

Sasa iweke pembeni ya Siemens LOGO! 8, kipenzi cha mafundi wengi na changu pia. LOGO! ina kioo na vitufe usoni, kwa hiyo unabadilisha muda bila kubeba kompyuta. Ile ya 230RCE inakula umeme wa volti 230 moja kwa moja, na unaweza kuiongezea moduli ubavuni mpaka ifike njia 24 za kuingizia. Lakini RS-485 haina. Mlango wake ni etheneti, na kebo ya shaba ya etheneti inaishia meta 100. Meta 100 kwa miteremko ya huku hazikutoi hata uani. Unaweza kuweka kifaa cha kutafsiri katikati, sawa, ila umeshanunua boksi la pili la kuharibika. Kwa paneli iliyo ndani ya chumba kimoja, LOGO! bado naiheshimu. Kwa mlima, Opta, bila ubishi!

Kuna jambo moja la kushika sana hapa. Moduli nyingi za mbali za bei rahisi, mawasiliano yakikatika, relei zake hubaki pale zilipoachwa. Kama pampu iliwashwa kupitia moduli hiyo, kisha panya akatafuna waya, pampu itaendelea kusukuma mpaka tangi limwagike au kisima kikauke. Kwa hiyo kontakta ya pampu iendeshwe na relei ya Opta yenyewe, palepale penye pampu. Vinavyokaa mbali viwe macho tu, yaani floti na sensa. Kisha kwenye programu weka kipima muda: moduli ya tangini isipojibu kwa sekunde 10, pampu izime. Nimechomoa waya kwa makusudi huku nikiikodolea macho. Kontakta ikaachia. Nikapiga makofi peke yangu!

Kwenye kufunga, kebo ipite kutoka kifaa hadi kifaa kwa mstari mmoja, isigawanyike matawi. Kila mwisho wa mstari weka kizuizi (rezista) cha omu 120. Opta haina kizuizi hicho ndani, kwa hiyo usisubiri ikufanyie. Kasi ya biti 9,600 kwa sekunde inatosha kabisa, maana swali na jibu la moduli moja huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde, na hakuna tangi linalojaa kwa kasi hiyo. Halafu radi. Rungwe ni wilaya ya mvua, na waya mrefu unaopanda mlimani unaialika. Kinga ya radi pande zote mbili pamoja na waya wa ardhi, hilo si la kujadili.

Inanikera wapi? Haina kioo, kwa hiyo mwenye ghala hawezi kusoma joto bila kifaa kingine. Chanzo cha volti 24 unanunua mwenyewe. Njia zake za analogi ni za volti 0 hadi 10, ilhali sensa nyingi za viwandani hutoa miliampea 4 hadi 20, hivyo utahitaji moduli yake ya nyongeza ya analogi. Moduli za nyongeza za kubana ubavuni zinafika tano, kwa hiyo nafasi ya kukua ipo. Relei zinaandikwa ampea 10, lakini usithubutu kufunga mota ya pampu hapo moja kwa moja. Kontakta ni rahisi kuliko Opta nyingine.

Sasa la kununua, na hapa fungua macho. Opta ziko tatu na kwa sura zinafanana mno: Lite, RS485 na WiFi. Lite ndiyo ya bei ya chini kabisa, na ndiyo isiyo na RS-485. Ukiichukua kwa kukimbilia unafuu, tangi lako la mlimani halitasikika kamwe. WiFi inayo, ila unalipia redio ambayo kwa kazi hii hutaitumia. Chukua iliyoandikwa RS485, anza na tangi moja na floti mbili, kisha ghala lifuate.