Paulin Hountondji na Swali la Msomaji

Mwandishi anapoandika, humwandikia nani? Swali hili, ambalo kwa juujuu laonekana jepesi, ndilo lililobeba kazi ya Paulin Hountondji, mwanafalsafa wa Benin aliyezaliwa Abidjan mwaka 1942 na kufariki mwaka 2024. Alisomea Paris, na mwaka 1970 alikamilisha tasnifu juu ya dhana ya sayansi katika maandishi ya Edmund Husserl. Kisha alifundisha Kinshasa na Lubumbashi, akarejea nyumbani mwaka 1972.

Lubumbashi imo katika Katanga, na Katanga ndiko alikoishi Padre Placide Tempels, Mbelgiji, aliyetoa mwaka 1945 kitabu juu ya falsafa ya Wabantu. Wasomi wengi wa Kiafrika walikipokea kwa furaha, kwani kilikiri kuwa Mwafrika ana fikra zake. Hountondji hakufurahi. Katika kitabu chake cha mwaka 1977 alidai kwamba Tempels hakuzungumza na Wabantu, bali na Wazungu wenzake juu ya Wabantu. Tena falsafa, kwake, haiwezi kuwa imani ya kabila zima isiyo na mwenyewe. Ni hoja ya mtu mwenye jina, iliyoandikwa ili mwingine aipinge.

Baadaye aliielekeza hoja hiyo kwenye sayansi. Mtafiti wa Afrika hukusanya habari kama mkulima avunavyo pamba (mfano huu wa pamba ni wetu). Nadharia hufumwa ng'ambo, nasi huinunua ikiwa nguo. Hata mada huchaguliwa ili kumridhisha msomaji wa mbali. Ndiyo sababu, katika mkusanyo aliouhariri mwaka 1994, alitaka maarifa ya wahunzi na waganga wetu yapimwe na kuhojiwa, si kusifiwa tu. Miaka hiyo alipata pia kuwa Waziri wa Elimu, kisha wa Utamaduni.

Tusilokubaliana naye ni uzito alioupa maandishi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalihifadhiwa zaidi vifuani mwa watu hadi yalipokusanywa mwishoni mwa karne ya 19. Hata hivyo yalikuwa na mwenyewe, na washairi wa Lamu waliyajibu. Yamkini Hountondji angesema kuwa hayo ni malumbano, siyo falsafa. Lakini sharti lake la hoja yenye jina na yenye kujibiwa lilikwisha kutimizwa pasipo kitabu.

Kitabu chake cha 1977 kilichapishwa Paris, kwa Kifaransa. Kilipotafsiriwa kwa Kiingereza, wasomi wa Marekani walikitunukia Tuzo ya Herskovits mwaka 1984. Hatumcheki, maana mwenyewe aliujua mtego huo, nasi tumemsoma kwa lugha hizo hizo. Mwalimu atakayependa wanafunzi wake wabishane naye kwa Kiswahili, huenda ikambidi amfasiri mwenyewe, ubaoni, aya kwa aya.