Kufungua Bila Kuacha Wazi

Nywila ya root, mtumiaji mwenye mamlaka yote katika MySQL, ikisahaulika na aliyeiweka keshahama kazi, hata hifadhidata yenyewe haiwezi kuitaja. Kilichotunzwa humo ni alama iliyokokotolewa kutokana na nywila, na hesabu hiyo hairudi kinyumenyume. Ya zamani haitafutwi, inawekwa mpya. Hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi wa seva.

Wako wanaosema ni kazi ya kunakili amri mbili tatu. Siafiki. Njia iliyozoeleka ni kuizima MySQL na kuiwasha kwa --skip-grant-tables, yaani isisome majedwali ya ruhusa. Ikiwaka hivyo haimuulizi mtu kitu: anayeingia, anaingia na mamlaka yote. Mishahara, madeni ya wateja, majibu ya maabara, vyote viko peupe. Toleo la 8.0, lililotoka 2018, hukata lenyewe miunganisho ya mtandao katika hali hiyo. Kwenye matoleo ya nyuma, fundi asipokumbuka kuongeza --skip-networking, mlango namba 3306 unabaki wazi kwa yeyote anayeweza kuufikia.

Fundi ninayemsifu huchagua njia ya subira. Anaandika faili dogo lenye mstari mmoja tu, ALTER USER na nywila mpya, kisha analifunga lisisomwe na yeyote isipokuwa akaunti inayoendesha MySQL. Anaizima programu kwa utaratibu, haikatizi ghafla, ili imalize kuandika diskini ilichokuwa imeshika. Anaiwasha kwa --init-file, akiielekeza kwenye faili lile. Nywila inabadilika programu inapoamka, na ulinzi haujaondolewa hata kwa sekunde moja. Anahakikisha anaingia, analifuta faili kwa sababu nywila imeandikwa humo waziwazi, halafu anaiwasha programu upya kama kawaida.

Wengi huishia hapo. Yeye anafungua jedwali la watumiaji na kusoma safu ya Host, kwa kuwa 'root'@'localhost' na 'root'@'%' ni akaunti mbili tofauti. Ukibadilisha ya kwanza, ya pili, inayoruhusiwa kuingia kutoka popote, inabaki na nywila yake ya zamani, na aliyehama kazi huenda bado anaikumbuka. Akiikuta na haina kazi, anaifuta.